Smith & Wesson 629 au Ruger Redhawk: mwongozo kamili wa kuchagua rivolva ya .44 Magnum kwa nchi ya dubu

Mvuvi wa samoni anayesimama kwenye mto wa Alaska, jimbo la kaskazini la Marekani, mwezi Julai anagawana mto huo na dubu. Maji yana kelele, vichaka vya kingoni vinamzidi mtu kimo, na dubu anayefuata samaki huinua kichwa akiwa tayari yuko hatua chache tu. Bunduki ndefu iliyoegemezwa kwenye mti mita ishirini nyuma haina kazi saa hiyo. Kinachosaidia ni kile kilichofungwa mwilini, na ndiyo maana waongozaji wa uvuvi, wapima ardhi na wakazi wa vijijini huko bado wanabeba rivolva nzito (bastola yenye silinda inayozunguka, yenye chumba kwa kila risasi) ingawa zipo bastola za kisasa zenye risasi nyingi zaidi.

Mwongozo huu unalinganisha mbili ambazo mnunuzi hukutana nazo mara nyingi: Smith & Wesson Model 629 ya mtutu wa inchi 4, na Ruger Redhawk ya mtutu wa inchi 4.2. Zote ni za chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, zote hubeba risasi sita za .44 Magnum, na mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Wengi huanza kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi, na hapo ndipo wanapopotea. Risasi ni ile ile na mitutu inapishana milimita tano tu. Swali la kuuliza ni hili: ni ipi ambayo mkono wako wewe unaweza kupiga nayo risasi ya pili, kwa haraka, ndani ya kifua cha mnyama anayekuja? Kila tunachopima hapa chini kinarudi kwenye swali hilo.

Kwanza kopo la pilipili

Kabla ya kununua rivolva yoyote, nunua kopo la pilipili ya kupulizia dubu na ujifunze kulitumia. Linafika takriban mita 7 hadi 10, halihitaji shabaha ya ustadi, na linafanya kazi hata mikononi mwa mtu anayetetemeka. Mtafiti Tom Smith na wenzake walichambua matukio ya Alaska ya kati ya 1985 na 2006 wakakuta pilipili ilizuia tabia mbaya ya dubu kahawia kwa asilimia 92. Katika uchambuzi wao mwingine wa matukio ya silaha za moto ya 1883 hadi 2009, bastola na rivolva zilifaulu kwa asilimia 84 na bunduki ndefu kwa asilimia 76. Takwimu hizo mbili zisipimwe kwenye mzani mmoja, kwa sababu matukio ya silaha mengi yalikuwa ya uwindaji na hali zake zilikuwa kali zaidi. Hata hivyo zinatosha kuonyesha kwamba rivolva haichukui nafasi ya kopo. Rivolva ni ya pale upepo unapokupuliza usoni, mvua inapomwagika, au dubu anapokuwa ameshapita kwenye wingu la pilipili bila kusimama.

Beba vyote viwili, na kila kimoja kiwe na mahali pake pasipobadilika.

Risasi yenyewe

.44 Magnum iliingia sokoni mwishoni mwa 1955 na mwanzoni mwa 1956, baada ya Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa mambo ya silaha kutoka Idaho, kuzisumbua kampuni kwa miaka mingi akitaka risasi ya zamani zaidi, .44 Special, iongezwe nguvu. Kichwa cha risasi kina kipenyo cha inchi .429, karibu milimita 10.9. Uzito wake hutajwa kwa grein, ambapo grein moja ni takriban gramu 0.065.

Kichwa cha grein 240, yaani gramu 15.5, kikitoka kwenye mtutu wa inchi 4 huenda karibu mita 380 kwa sekunde. Kizito cha grein 300 (gramu 19.4) huenda karibu mita 365 kwa sekunde kikibeba nishati ya takriban juli 1,300. Kwa dubu, namba hizo zina maana ndogo kuliko umbo la kichwa. Risasi ya kujilinda dhidi ya binadamu imetengenezwa ifunguke na kusimama mapema. Dubu mkubwa ana manyoya, ngozi, mafuta na misuli mizito kabla hujafika kwenye mfupa wa bega, na risasi iliyofunguka inaweza kuishia humo humo. Inayotakiwa ni ya madini magumu ya risasi, isiyofunguka, yenye pua pana iliyo bapa. Pua bapa hukata njia iliyonyooka, wakati pua ya mviringo hupenda kupinda njia ikigonga mfupa. Kwenye boksi tafuta maneno yanayoeleza risasi ngumu ya kumimina yenye pua bapa, uzito wa grein 255 hadi 305.

Usinunue risasi za mtu aliyejaza mwenyewe gereji kwake, hata kama ni rafiki. Kwenye .44 Magnum kosa la kipimo cha baruti linaweza kupasua silinda.

Zipo pia risasi ndefu za grein 330 ambazo boksi lake linasema wazi kuwa ni za Redhawk na Super Redhawk peke yake. Silinda ya Ruger ni ndefu kidogo kuliko ya Smith & Wesson, na kichwa kirefu kama hicho kwenye 629 hutokeza mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Hapo Redhawk ina nafasi ambayo mwenzake hana, ingawa kwa mtutu wa inchi 4 grein 300 inatosha kwa kazi iliyopo.

Jinsi zilivyojengwa, na kwa nini inakuhusu

629 ni toleo la chuma kisichoshika kutu la Model 29, rivolva ya kwanza ya .44 Magnum. Ina uzito wa karibu kilo 1.18 ikiwa tupu. Silinda yake hushikwa nyuma, na pia mbele kwenye ncha ya fimbo ya kutolea maganda. Upande wa kulia wa fremu una bamba lililofungwa kwa skrubu, na ukilifungua unaona mashine yote. Ndani kuna springi mbili tofauti, moja ya nyundo na nyingine ya kurudisha kifyatulio. Mpangilio huo ndio unaofanya kifyatulio chake kiende laini na sawasawa kutoka mwanzo wa mvuto hadi mwisho.

Redhawk ilitolewa 1979 na ilibuniwa moja kwa moja kwa ajili ya .44 Magnum. Ina uzito wa karibu kilo 1.33. Haina bamba la pembeni, kwa hiyo fremu ni kipande kimoja kizima kulia na kushoto, na mashine ya kifyatulio huingizwa kutokea chini. Mkono unaobeba silinda hujifunga wenyewe kwenye fremu kwa mbele, na fimbo ya kutolea maganda haina kazi ya kufunga chochote. Vikato vya kufungia silinda havikuchongwa juu ya sehemu nyembamba ya ukuta wa chumba cha risasi, vimesogezwa pembeni. Ndiyo maana Redhawk humeza risasi nzito mwaka baada ya mwaka bila kulegea.

Gharama ya ujenzi huo iko kwenye kifyatulio. Ruger walitumia springi moja kwa kazi mbili, kusukuma nyundo na kurudisha kifyatulio. Mvuto ukitoka kiwandani ni mzito, mara nyingi kilo 5 na nusu au zaidi, na huongezeka uzito kuelekea mwisho. Watu hukimbilia kubadili springi kuwa nyepesi. Matokeo yake ni mawili: nyundo inapoteza nguvu na fataki ngumu (viwashio vidogo vya kwenye kitako cha risasi) haziwaki, au kifyatulio hakirudi mbele haraka na risasi ya pili inachelewa. Kwa silaha ya kujilindia, acha springi ya kiwandani.

Usalama wa kuibeba ikiwa na risasi zote sita hauna tofauti kati ya hizi mbili. Redhawk ina kipande kinachopanda kati ya nyundo na pini ya kupigia pale tu kifyatulio kinapovutwa, na 629 ina kizuizi kinachozuia nyundo isifike mbele bila kuvuta. Kuacha chumba kimoja tupu ni desturi ya rivolva za kale na hapa haina faida.

629 nyingi zilizotengenezwa tangu 2001 zina tundu dogo la ufunguo juu ya kitufe cha kufungulia silinda. Hilo ni kufuli la ndani. Taarifa za kufuli kujifunga lenyewe kwa teke la risasi zimekuwa chache, na zaidi ni za rivolva nyepesi za aloi, si hii nzito ya chuma. Piga angalau risasi nzito 50 bila tatizo kabla ya kuiamini porini.

Kupima mkononi dukani

Mwombe muuzaji aifungue silinda, na uhakikishe kwa macho na kwa kidole kuwa vyumba vyote sita ni vitupu. Kisha:

1. Shika mpini kwa mkono wako wa kupigia, mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wako kuanzia kiwiko. Usizungushe kiganja ili kufikia kifyatulio. Nyama ya ncha ya kidole cha shahada lazima itue katikati ya kifyatulio. Ikiwa inagusa ukingo tu, rivolva hiyo ni kubwa kwako. Watu wenye viganja vidogo hukwama kwenye Redhawk mapema zaidi kuliko kwenye 629.

2. Omba ruhusa ya kuvuta kifyatulio bila risasi. Lenga mahali salama dukani, vuta moja kwa moja bila kukoki (bila kurudisha nyundo nyuma kwa kidole gumba kwanza), mara sita mfululizo, ukiangalia kilengeo cha mbele. Mara ya kwanza na ya pili kila mtu anaweza. Angalia ya tano na ya sita: kikianza kuyumba zaidi ya upana wake mwenyewe, mvuto ni mzito kuliko kidole chako.

3. Badili rivolva, rudia. Usifanye hesabu yoyote ya bei kabla ya hatua hii kwisha.

Jambo moja la kuzoea: kitufe cha 629 husukumwa mbele ili silinda ifunguke, na cha Redhawk hubonyezwa ndani. Mwenye rivolva za aina zote mbili nyumbani huweza kuchanganya akiwa na haraka, hivyo achague moja ya kubebea na abaki nayo.

Teke ni kali kwa zote, lakini halilingani. Zikiwa na risasi sita, Redhawk inazidi kwa karibu gramu 155, na kwa risasi ile ile nguvu ya teke hupungua karibu asilimia 10. Kwenye karatasi ni kidogo. Kwenye risasi ya ishirini ya grein 300 mkono unaitambua. Kwa upande wa pili, gramu hizo unazibeba siku nzima, kila siku, na silaha inayochosha huishia kuachwa kambini.

Ukinunua iliyotumika

Soko la mtumba lina rivolva nzuri sana za aina hizi, kwa sababu wengi hununua, hupiga boksi moja, huumia mkono, na huuza. Lakini kagua. Nenda na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia upana wa nafasi), tochi ndogo na kitambaa cheupe.

Anza na 629. Fungua silinda, tazama kwenye fremu pale mkono wa silinda unapojificha, utaona namba ya modeli na nyongeza yake. Zile za mwanzo, zikipigwa risasi nzito nyingi, zilikuwa na tabia ya silinda kujifungua kwa teke na kurudi nyuma chumba kimoja, hivyo nyundo inaangukia ganda lililokwisha kutumika. Kampuni ilirekebisha kwa kurefusha vikato vya silinda na kuimarisha kizuizi chake. Tafuta 629-3 au namba kubwa zaidi.

Kisha kwa zote mbili, zikiwa tupu:

Ingiza fila geji kati ya silinda na mtutu. Kati ya milimita 0.10 na 0.20 ni vizuri. Chini ya hapo masizi yataifunga silinda baada ya risasi chache. Juu ya 0.25 gesi na vipande vya risasi vitaruka pembeni kupita kiasi, na rivolva inahitaji fundi.

Sukuma silinda mbele na nyuma ikiwa imefungwa. Usikie mwendo mdogo sana au usisikie kabisa. Ikigonga kwa sauti, imechakaa.

Koki nyundo polepole mno huku kidole cha mkono mwingine kikigusa silinda kuipa uzito kidogo. Kizuizi lazima kiingie kwenye kikato kabla nyundo haijafika mwisho. Fanya hivyo kwa vyumba vyote sita, kwa sababu kimoja kibovu kinatosha kuharibu kila kitu. Kama silinda inabaki nyuma na unaweza kuimalizia kwa kidole, risasi haitakuwa imenyooka na mtutu wakati wa kupiga.

Weka kitambaa cheupe nyuma, mulika koo la mtutu, pale risasi inapoingilia kutoka kwenye silinda. Tafuta ufa mwembamba kama unywele. Ukiuona, rudisha rivolva mezani na ushukuru.

Kinachokwama, na sababu yake

Husemwa kuwa rivolva haikwami. Inakwama, na ikikwama mara nyingi haitengenezeki kwa sekunde mbili. Sababu kubwa ni nne, na zote zinazuilika.

Ya kwanza ni kichwa cha risasi kutoka kwenye ganda. Unapopiga, rivolva inarudi nyuma kwa kishindo, na risasi zilizobaki kwenye silinda zinarudi nayo, lakini vichwa vyake vizito vinataka kubaki mahali vilipo. Ganda lisipobana vizuri, kichwa kinatambaa mbele. Kikitokeza nje ya silinda, kinagonga fremu na silinda haizunguki tena. Pima hivi: pima urefu wa risasi moja kwa kalipa (kipimio cha milimita chenye taya mbili), iwekee alama ya kalamu nyuma, ipakie pamoja na tano nyingine, piga hizo tano, itoe na uipime tena. Urefu wa juu wa .44 Magnum ni inchi 1.610, karibu milimita 40.9. Ikiwa imerefuka hata kidogo kwa kipimo kinachoonekana, usiibebe risasi ya boksi hilo kwenye rivolva hiyo. Rudia kila unapobadili aina. 629 iliyo nyepesi huvuta vichwa zaidi kuliko Redhawk.

Ya pili ni uchafu chini ya nyota ya kutolea maganda. Hapa inafaa kuangalia kwa karibu. Ukisukuma fimbo, nyota inainuka milimita chache kutoka kwenye silinda, na chini yake kuna kitanda kilichochongwa kwa umbo lake. Punje moja ya baruti isiyoungua, ndogo kuliko chembe ya sukari, ikilala pale, nyota hairudi kukaa sawa, risasi zinainuliwa nyuma kiasi cha unene wa karatasi, na silinda inasuguana na fremu hadi kifyatulio hakivutiki. Dawa ni namna ya kutoa maganda: elekeza mtutu juu, piga fimbo mara moja kwa nguvu kwa kiganja, maganda na punje vyote vianguke chini. Mtutu ukiwa umelala, punje zinaingia moja kwa moja kwenye kitanda. Mswaki wa meno mfukoni humaliza kazi.

Ya tatu ni ya 629 peke yake: fimbo ya kutolea maganda kulegea. Ikijifungua, inarefuka, na silinda haifunguki au haizunguki. Nyuzi zake zimepigwa kinyume, kwa hiyo hukazwa kwa kuzungusha upande wa kushoto. Kabla ya kukaza weka maganda matupu kwenye vyumba vyote ili nyota isipinde, kamata fimbo kwa kipande cha ngozi, kaza kwa kiasi. Angalia pia skrubu ya mbele ya bamba la pembeni. Ndiyo inayoshika mkono wa silinda. Ikidondoka, siku utakapofungua silinda itachomoka na kubaki kiganjani mwako. Tumia bisibisi yenye ncha iliyochongwa kuenea kikato chote cha skrubu, na tone dogo la gundi ya skrubu isiyo ya kudumu.

Ya nne ni pete ya masizi. Risasi ya .44 Special inaingia kwenye rivolva zote mbili na ni nzuri sana kwa mazoezi kwa kuwa teke lake ni dogo. Lakini ganda lake ni fupi, na huacha pete ya masizi ndani ya chumba pale ganda refu la Magnum linapofika. Baadaye Magnum inaingia kwa shida au haitoki. Sugua kila chumba kwa brashi ya shaba kila baada ya mazoezi ya Special, kabla ya kupakia za porini.

Ala na mahali pa kuibeba

Kwa mtu mwenye begi la mgongoni lenye mkanda wa kiunoni, ala ya kiunoni hufunikwa na begi. Kwa aliyevaa suruali ndefu za kuingilia majini, iko chini ya maji. Kwa anayekaa kwenye ndege ndogo au mtumbwi, inachoma mbavu. Ala ya kifuani, yenye mikanda inayopita bega na mgongo, inatatua yote matatu, na ndiyo tunayoipendekeza kwa zote mbili. 629 hukaa kifuani bila kuvuta mkanda wa bega. Redhawk inahitaji mkanda mpana.

Ala ya kifuani ina hatari yake. Unapochomoa, mtutu hupita mbele ya mkono wako wa kushoto. Jifunze tangu siku ya kwanza, rivolva ikiwa tupu: mkono wa kushoto ubandikwe kifuani au uwe umeshika kopo la pilipili kando, mkono wa kulia uchomoe, mtutu uzunguke kuelekea mbele, na kidole kiguse kifyatulio baada ya vilengeo kufika usawa wa macho. Kurudisha kwenye ala fanya polepole, ukitazama.

Mazoezi

Dubu akikimbia hufika takriban kilomita 56 kwa saa. Mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili. Hakuna muda wa kukoki nyundo. Fanya mazoezi yote ya kujilinda kwa kuvuta moja kwa moja.

Wiki mbili za kwanza, vuta bila risasi mara 30 kila siku nyumbani, ukiwa umeondoa risasi zote chumbani. Rivolva hizi mbili hazidhuriki kwa hilo, na risasi bandia zinaongeza utulivu wa akili. Kisha uwanjani, .44 Special mita 7, sahani ya chakula ikiwa shabaha, hadi sita zote ziingie. Ndipo Magnum ya grein 240, na mwisho ile hasa utakayobeba.

Zoezi lenye faida kuliko yote: mwenzako apakie risasi tatu za kweli na tatu bandia bila mpangilio, azungushe silinda, akupe. Nyundo ikiangukia bandia na mtutu ukachovya chini, umeona kwa macho yako kwamba unaogopa teke kabla halijaja. Rudi kwenye Special.

Usizidishe Magnum 30 kwa siku. Kifundo kikiuma, mwili unajifunza kuogopa na kazi yote inaharibika. Vaa vizibo vya ndani ya masikio na vifuniko vya nje kwa pamoja, pamoja na miwani. Kipimo cha kuwa tayari tunachoshauri: kuchomoa kutoka kwenye ala na kuweka risasi mbili kwenye sahani ya mita 7 ndani ya sekunde tatu, kwa risasi nzito. Ukiweza kwa 629, ibebe. Kama ya pili inatoka nje kwa 629 na inaingia kwa Redhawk, jibu umelipata. Na kama inatoka nje kwa zote mbili, piga grein 240 au hata shuka kwenye .357 Magnum yenye risasi ngumu. Risasi ndogo iliyoingia inafaa kuliko kubwa iliyopita.

Mvua na baridi

Ketchikan, kusini mashariki mwa Alaska, hupata zaidi ya mita 3 za mvua kwa mwaka. Chuma kisichoshika kutu hushika kutu pia, na huanzia chini ya mpini usikoona. Fungua mpini kila mwezi wa matumizi, kausha, paka mafuta membamba. Usiache rivolva ikilala ndani ya ala ya ngozi iliyolowa. Ngozi hugeuza maganda ya shaba kuwa kijani, na ganda lenye ukoko huo haliingii silindani. Badilisha risasi za kubebea kila mwaka, zile za zamani zipigwe mazoezini. Mafuta yasiguse fataki.

Huko Fairbanks, mji wa ndani ya Alaska, majira ya baridi mafuta mazito huganda na nyundo huanguka kivivu. Safisha mafuta yote, acha utando mwembamba tu. Na usiingize rivolva baridi kwenye nyumba yenye joto bila kuifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa hadi ipate joto taratibu, kwani unyevu utatanda hadi ndani ya mashine.

Sheria, hasa kwa mgeni

Kwa Mswahili aliyehamia Marekani, hatua hii inatangulia dukani. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kumiliki au hata kushika silaha ya moto na risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Kununua rivolva kwa muuzaji mwenye leseni kunahitaji umri wa miaka 21 na ukaazi wa jimbo hilo.

Tangu 2003 Alaska haihitaji kibali kwa mtu wa miaka 21 anayeruhusiwa kisheria kubeba silaha iliyofichwa. Lakini polisi akikusimamisha lazima umwambie mara moja kuwa unayo, na ukiingia nyumba ya mtu lazima akubali. Kwenye hifadhi za taifa, tangu Februari 2010 kubeba hufuata sheria ya jimbo, ila majengo ya serikali ndani ya hifadhi yamekatazwa.

Ukisafiri kwa ndege ya abiria, rivolva iwe tupu, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, kwenye mizigo ya chini, na uitaje kaunta. Risasi ziwe kwenye boksi lake. Kopo la pilipili halipandi ndege hiyo hata chini, linunue ukifika. Usipite Kanada kwa gari ukiwa na rivolva hizi. Mtutu wa milimita 105 au pungufu ni marufuku huko, na 629 ya inchi 4 ina milimita 101.6. Redhawk ina 106.7, lakini tangu 2022 watu binafsi hawaruhusiwi kuingiza bastola yoyote, kwa hiyo milimita hizo mbili hazikusaidii.

Ukimuua dubu kwa kujitetea, sheria ya Alaska inakutaka umchune, ukabidhi ngozi ikiwa na kucha pamoja na fuvu kwa Idara ya Samaki na Wanyamapori, na uandike ripoti ndani ya siku 15. Utetezi huo haukubaliki kama wewe ndiye uliyemchokoza au uliyeacha takataka na samaki waliomvuta kambini. Kwa hiyo weka kisu kizuri cha kuchunia na simu ya setilaiti kwenye begi hilo hilo, na chakula kifungwe kwenye pipa lisilofunguliwa na dubu, mbali na hema.